"Gundua" Haitoshi

Wengi wetu hufasiri kitenzi cha Kiingereza "dawn on" kwa "gundua". Siafiki. Anayegundua ni mtendaji; katika Kiingereza, jambo ndilo linalomjia mtu, kama asubuhi inavyomjia. Tuchukue Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, mji uliovamiwa kabla ya mapambazuko tarehe 5 Oktoba 2017. Tukiandika kwamba wakazi "waligundua" kuwa miongoni mwa wavamizi wamo vijana wa hapo hapo, tunawafanya wapelelezi. "Iliwabainikia" huwaacha walivyokuwa: watu waliofikwa na jambo. Tukumbuke pia "chelewa", kitenzi kilichotokana na "-cha" ya kukucha, yaani kukutwa na asubuhi. Picha ni ile ile ya alfajiri, lakini Kiswahili humwona mtu aliyepitwa na wakati. Mfasiri wa habari za pwani ile asiisahau maana hiyo.