Mohoro na Kifo cha Kinjeketile: Tarehe Mbili Ambazo Tamthiliya Imezipindua

Wahakiki wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) huzingatia zaidi maji, imani na umoja wa makabila. Mahali hapazungumzwi sana. Hata hivyo vita vya Maji Maji (1905–1907) vina miji yake midogo, na Mohoro, ulio karibu na delta ya mto Rufiji, unastahili kuwekwa kando ya mchezo huo.

Kinjeketile alianza kugawa maji Ngarambe mwaka 1904. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Wajerumani, waliokuwa na kituo cha utawala Mohoro, walimnyonga mganga huyo huko tarehe 4 Agosti pamoja na msaidizi wake. Shambulio la boma la Mahenge, ambapo bunduki za rashasha ziliwafyeka wapiganaji, lilifanyika tarehe 30 Agosti, yaani siku 26 baada ya kitanzi.

Hussein amepindua mpangilio huu. Mhusika wake anaishi hata kuyaona maangamizi, ndipo anapotiwa gerezani na kutakiwa ayakane maji. Haki ya kufanya hivyo anayo. Dibaji yake yenyewe inatamka kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni zao la ubunifu. Faida yake nayo ni kubwa: tanzia humtaka shujaa ayaone kwa macho yake matunda ya neno lake, na onyesho la gerezani, Kitunda akimsihi naye akikataa, ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Lakini ipo hasara. Neno limefungamanishwa mno na mtu, hata msomaji hudhani kwamba kinywa kimoja ndicho kilichoshika hatima yote. Mohoro yasema kinyume. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wale wawili, mbele ya kitanzi, alisema kuuawa kwake si kitu, kwa kuwa dawa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Wangindo, Wapogoro, Wambunga, kisha Wangoni, waliingia vitani mganga akiwa kaburini. Wazo ambalo Hussein analifikia kwa usemi wa shujaa wake, yaani kwamba neno humpita aliyelizaa, mji ule ulikuwa umekwisha kulithibitisha kwa tarehe tu, bila hotuba yoyote.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili si geni. Mwaka 1964 Wasimba wa mashariki walikwenda vitani wakiita "Mai Mulele", hali Mulele mwenyewe yu mbali, huko Kwilu.

Anayeifundisha tamthiliya hii angefanya vyema kuziandika tarehe hizo mbili ubaoni kabla onyesho la gerezani halijasomwa, kisha awaulize wanafunzi ni nani hasa anayehitaji kwamba Kinjeketile asikane: wapiganaji, au mtunzi.