Pengo Jembamba Linalochemsha Prosesa

Mwaka 2012 Intel ilipotoa prosesa za Ivy Bridge, wapenzi wa kompyuta walikuta jambo lisiloelezeka. Transista zilikuwa zimepunguzwa hadi nanomita 22, na Core i7-3770K ilipangiwa wati 77, wakati ndugu zake wa mwaka uliotangulia walipangiwa 95. Hata hivyo, ukiikimbiza kupita kasi yake ya kawaida, ilichemka kuliko wao.

Walioibandua kifuniko waliona kwamba kati ya kipande cha silikoni na kifuniko cha shaba, lehemu ya zamani imeondolewa na pesti imewekwa mahali pake. Lawama zote zikaiangukia pesti. Waliopima kwa subira zaidi wakamkamata mkosaji mwingine: gundi nyeusi ya kushikia kingo za kifuniko. Ilikiinua kidogo mno, pesti ikabaki tabaka nene. Gundi ilipokwanguliwa na kifuniko kurudishwa kikalala sawasawa, joto lilishuka kwa nyuzi nyingi, hata kwa pesti za kawaida.

Kisa hiki ndicho ninachokikumbuka kila ninapoulizwa pesti ipi inunuliwe. Vyuma viwili vikikutanishwa, hata viwe laini kiasi gani machoni, vina vilima na mabonde, na mabondeni hukaa hewa. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha wati 400 hivi kwa mita kwa kelvini. Hewa haifiki hata 0.03. Pesti huja kuifukuza hewa hiyo. Yenyewe hupitisha joto vibaya kuliko shaba, kwa hiyo ikizidi inageuka blanketi.

Tupige hesabu. Kipande cha Ivy Bridge chenye kori nne kina milimita za mraba 160 hivi. Tupitishe wati 77 kwenye pesti ya kiwango cha 5, tabaka likiwa na unene wa milimita 0.1: joto la upande mmoja na mwingine litatofautiana kwa nyuzi 10 hivi. Nunua pesti ya kiwango cha 10, tofauti inabaki nyuzi 5. Lakini ukibaki na pesti yako ya kwanza na kupunguza unene kwa nusu, unapata nyuzi 5 zilezile bila kuongeza senti.

Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye bomba ni nusu ya habari. Uliza pia: je, pesti hii itabanwa hadi iwe nyembamba, na itakaa hapo? Kwenye kompyuta mpakato, kipozeo hukalia silikoni moja kwa moja. Kila ikipata moto na kupoa, silikoni na shaba hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na pesti nyepesi husukumwa pembeni kidogo kidogo. Hapo chagua pesti nzito, au karatasi kama PTM7950 ya Honeywell, ambayo hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujipanga yenyewe.

Metali ya majimaji yenye galiamu hupita pesti zote kwa mbali. Sony waliitumia kwenye PlayStation 5 mwaka 2020, baada ya maandalizi ya miaka kama miwili. Lakini hupitisha umeme, na galiamu huila aluminiamu. Kama kipozeo chako ni cha aluminiamu, usiiguse kabisa.

Kazi yenyewe haina haraka. Futa pesti kuukuu, ambayo mara nyingi imepasuka kama tope la bwawa lililokauka, kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili. Kwenye kifuniko cha kompyuta ya mezani, tone la ukubwa wa punje ya njegere linatosha; kwenye silikoni tupu, paka nyembamba hadi pembeni. Kaza skrubu kimshazari, kila moja kidogo kidogo.

Kisha, mara ya kwanza, fungua tena utazame. Ukiona katikati pesti imekonda hadi chuma kinaonekana chini yake, umepatia: safisha, paka upya na ufunge vilevile. Ukikuta katikati ni nene, kuna kitu kimekiinua kipozeo chako, kama gundi ile ilivyofanya. Kitafute hicho kwanza, kabla hujaenda dukani kununua bomba la bei kubwa zaidi.