Bastola ya Kama na Risasi Sita za Stanley: Kukisoma Upya Kifungu cha Maisha ya Tippu Tip

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu kifungu kifupi cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, kile kinachosimulia jinsi msimulizi alivyokutana na Henry Morton Stanley karibu na Kasongo mwaka 1876. Wanafunzi wetu hukisoma kwa kicheko, na kicheko hicho ni haki yao, kwa kuwa msimulizi mwenyewe alikusudia kuchekesha. Hata hivyo, ndani ya kifungu hicho mna swali lisilo la kuchekesha: ni nini kinachomvuta mtu kwenye silaha ndogo iliyotengenezwa kwa ustadi, na anayeipata anapata nini hasa?

Lililonirudisha kwenye kifungu hicho si darasa. Nilipokuwa Kama, katika teritwari ya Pangi, kijana mmoja mchimbaji wa dhahabu alinionyesha bastola aliyoifukua shimoni. Ilikuwa imeviringishwa kitenge kana kwamba ni mtoto mchanga. Mti wa kitako chake ulikuwa umeoza nusu, kasiba imeliwa na kutu, mtambo umeganda. Isingeweza kumdhuru hata ndege. Walakini watu wazima waliokuwapo walishusha sauti, kisha kila mmoja akataka kuishika, kuupima uzito wake na kuulenga mti ulio mbele. Nami niliishika kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Habari yake ilikuwa imekwisha kuundwa kabla sijafika. Ilisemwa kuwa ni bastola ya Stanley, na kwamba alimpa Tippu Tip iwe zawadi. Mfanyabiashara mmoja wa Kindu alikuwa ameahidi bei kubwa iwapo mtu wa chuo kikuu angeandika cheti cha kuthibitisha hayo. Kijana aliniambia: "Mwalimu, uandike tu karatasi. Wewe ndiye unayekijua kitabu." Kwa kuwa ushahidi uliotakwa ni wa kitabu, ilinibidi nikifungue kitabu.

2. Kifungu chenyewe

Inafaa kukumbusha kwamba matini haya yaliandikwa na Tippu Tip kwa Kiswahili, kwa kuhimizwa na Heinrich Brode, yakachapishwa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mnamo 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, naye François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974. Kwa hiyo tunasoma maneno ya mzee aliyerudi Unguja, akitazama nyuma kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mtiririko wa kisa ni huu. Stanley anajisifu kuwa ana bunduki itoayo risasi kumi na tano. Tippu Tip anauliza kama ni kwa mtutu mmoja, anajibiwa ndiyo, naye moyoni haamini. Anamwomba mgeni aipige waione. Stanley anakataa, akisema ni afadhali kutoa fedha kuliko kuipiga bure. Hapo Tippu Tip anamjibu kwa uwongo wa makusudi: huko Rumami, asema, uko upinde unaochukua mishale ishirini, yote huruka pamoja, na kila mshale humwua mtu. Stanley anatoka nje, anapiga risasi kumi na mbili, kisha anatwaa bastola na kupiga sita. Wote wanastaajabu, na Tippu Tip anauliza jinsi risasi zinavyotiwa. Anaonyeshwa.

Kwa upande wa fani, kifungu hiki ni mashindano ya majigambo yenye hatua tatu: dai, kejeli, na tendo. Upinde wa mishale ishirini ndio kiungo chake. Msimulizi anatumia uwongo mkubwa kuufichua ule anaoudhania kuwa uwongo mdogo, nao ni ufundi wa barazani anaoufahamu kila Mswahili. Lakini kejeli inashindwa, na msimulizi hafichi kushindwa kwake. Mtu aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko wote katika Maniema ya siku zile anakubali mbele ya msomaji kwamba alistaajabu.

Ni muhimu kuona alichouliza baada ya kustaajabu. Hakuuliza silaha hiyo huua umbali gani, wala bei yake. Aliuliza hutiwaje. Ili kulielewa swali hilo, turejee kwenye msamiati wa kazi, uliomo katika kamusi kama ile ya Johnson ya 1939 lakini ambao sasa wanafunzi hawaujui. Mwenye gobore alipima baruti, akaimimina katika kasiba, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kama bunduki ni ya gumegume, moto ulitokana na jiwe kupigwa na chuma. Kama ni ya fataki, aliivika fataki mahali pake kwanza. Mlio mmoja ulihitaji vitendo vingi vya mkono. Aliyezoea kazi hiyo, akisikia milio sita mfululizo, hana budi kuuliza mikono imekwenda wapi. Mvuto wa bastola katika kifungu hiki, kwa hiyo, ni mvuto wa fundi mbele ya fumbo.

Mvuto huo ni wa kweli na sioni haja ya kuulaumu. Ndio unaowashika hata leo wapenzi wa silaha kuukuu huko Ulaya na Marekani, wanaosafisha kutu na kuchunguza mihuri ya mafundi. Mengi tunayoyajua kuhusu tarehe za mitambo tumeyapata kwa subira yao.

3. Ushahidi wa kasiba moja

Sasa turudi Kama. Bastola niliyoonyeshwa ina kasiba moja, hujazwa kwa mdomoni, na ina chuchu ya kuvika fataki. Ilipiga risasi moja, kisha mwenyewe akaanza upya kazi yote tuliyoitaja. Bastola ya Stanley katika matini ilipiga sita. Hoja hiyo peke yake yatosha kuonyesha kwamba hii siyo ile iliyowastaajabisha wenyeji wake. Aina hii ndiyo hasa waliyoizoea.

Kuna hoja ya pili, nayo ni ya maudhui. Habari ya zawadi haipatani na malalamiko ya msimulizi. Tippu Tip anamshutumu Stanley kwa kutotimiza ahadi alizompa kwa kumsindikiza kutoka Nyangwe, na anataja kwamba kilichomfikia baadaye ni picha ya Stanley. Mtu aliyelalamika hivyo, kama angalipewa bastola, asingaliacha kuitaja, hata kwa kuibeza.

Ni kweli kwamba msafara wa Novemba 1876 ulipitia misitu ya Urega kabla ya kuufikia tena mto Lualaba, na kwamba Tippu Tip alirudi nyuma mwishoni mwa Desemba mwaka ule ule. Uvumi wa Kama haukuzuka bila msingi wowote. Lakini katika miaka ile na iliyofuata, misitu hii ilipitwa na watu wengi wenye silaha ambao hakuna kitabu kilichowataja: wanyapara, waungwana, wawindaji wa tembo, watumwa waliopewa bunduki ili wakamate watumwa wengine, na hatimaye askari wa pande zote mbili za vita vya 1892 hadi 1894. Bastola ya kasiba moja yaelekea zaidi kuwa ya mmoja wa hao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mfanyabiashara wa Kindu. Kwake, bastola isiyo na jina kubwa ni chuma chakavu. Kwangu, kutokuwa na jina kubwa ndiko kunakoipa thamani. Tunayo maneno ya Tippu Tip, na ya Stanley tunayo mengi mno. Ya mnyapara aliyeidondosha silaha yake mtoni au kuizika kwa hofu hatunayo hata moja. Tukimvika Stanley bastola hii, tunamnyang'anya mtu huyo kitu cha pekee alichotuachia.

Yuko pia mtu wa tatu, asiyekuwamo kabisa katika kifungu. Tippu Tip mara kwa mara anaeleza nguvu za misafara yake kwa hesabu ya bunduki, lakini ni nadra kumpa nafasi ya kusema yule aliyesimama mbele ya bunduki hizo. Risasi kumi na nane zilipigwa hewani siku ile, wenyeji wakafurahi. Majuma machache baadaye msafara ulikuwa ukipigana na watu wa Lualaba, na hao hawakupata nafasi ya kuuliza risasi hutiwaje.

4. Kitu na maneno yake

Huenda ikasemwa kwamba ninadai mengi kwa kipande cha chuma. Najibu kwa kutaja desturi ya Warega wenyewe, ambao Kama ni kwao. Katika bwami, kama Daniel Biebuyck alivyoeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1973, sanamu za pembe, vinyago na vitu vingine vya daraja havikuwa mali ya mtu kujifurahisha nayo peke yake. Mwenye navyo alikuwa mtunzaji wake. Alivipata kwa kupanda daraja, na baada yake vilimwendea mwingine anayestahili. Kila kimoja kiliandamana na methali zake na mafunzo yake, na asiyeyajua maneno hayo hakuhesabiwa kuwa na kitu.

Serikali ya kikoloni iliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Vitu vyake vingi vimetawanyika katika makumbusho na nyumba za matajiri ng'ambo, vikiwa safi, vikiwa na mwanga mzuri, na mara nyingi vikiwa bubu. Wengi wetu hulalamikia jambo hilo, tena kwa haki. Itakuwa ajabu basi sisi wenyewe tukimsaidia mtu kuiondoa bastola shimoni na kuipeleka sokoni ikiwa na maneno ya uwongo, ambayo ni mabaya kuliko ububu.

Na tusisahau hatari iliyo wazi. Katika mkoa ulioona vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003, silaha ikikutwa nyumbani kwa kijana haiulizwi umri wake. Mpenzi wa mambo ya kale aliyeko mbali huona kutu. Mwenye kupekua nyumba usiku huona bunduki. Kumiliki kitu hiki bila kibali ni kosa la sheria, na kukiita cha kale hakumkingi mwenyewe.

5. Hitimisho

Sikuandika cheti kilichotakwa. Niliandika karatasi nyingine: vipimo vya bastola, namna ya mtambo wake, mahali ilipofukuliwa na kina cha shimo, na maneno ya kijana mwenyewe kama alivyoyatamka, bila kuyasanifisha. Mwishoni niliandika kwamba mwenyewe wa kwanza hajulikani, nikamshauri kijana aipeleke kwa wakuu wa teritwari mbele ya mashahidi, ili ikiwezekana ifike kwenye makumbusho ya taifa. Hakufurahi, wala simlaumu. Alihitaji fedha, nami nilimpa karatasi.

Lakini kabla sijaondoka mzee mmoja aliiomba bastola, akakigusa kile kichuchu cha chuma, akasema: "Hapa ndipo walipoweka fataki." Aliyekuwa amemfundisha neno hilo ni babu yake. Nilimwuliza babu alijifunza wapi, naye akaanza kusimulia, kuhusu kijiji kilichohama usiku na mama aliyeachwa njiani. Habari hiyo haimo katika Maisha ya Tippu Tip wala katika vitabu vya Stanley. Wanafunzi watakaokwenda Maniema kukusanya data wasiulize kwanza silaha ilikuwa ya nani. Waulize ni nani anayekumbuka majina ya viungo vyake, kisha waketi wasikilize.