Sauti Bila Sura: Uhakiki wa Filamu ya "Salt N' Pepper"

Kichekesho cha mapenzi kina bahati mbaya mikononi mwetu wahakiki. Tukishacheka tunakiita "burudani tu", kisha tunarudi kwenye kazi tunazoziona nzito. Hukumu hiyo nimeisikia ikitolewa juu ya filamu ya Salt N' Pepper: eti ni hadithi ya watu wazima wawili walafi, ukiondoa masufuria hakibaki kitu. Mimi sikubaliani. Kwa maoni yangu, dhamira kuu ya filamu hii ni hofu ya kuonekana, na chakula ni njia tu ya kutufikisha kwenye hofu hiyo.

Kwanza tuiweke kazi hii mahali pake. Ni filamu ya Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi ya India. Iliongozwa na Aashiq Abu, ikaandikwa na Syam Pushkaran na Dileesh Nair, ikatoka Julai 2011. Sisi tuliokulia na filamu za Kihindi inafaa tukumbuke kwamba Kimalayalam ni lugha nyingine, na sinema yake ina historia yake. Tangu miaka ya 1980 sinema hiyo ilisimama zaidi juu ya mabega ya mastaa wawili, Mammootty na Mohanlal. Mwaka 2011 zilitoka filamu kadhaa, Traffic ya Rajesh Pillai ikiwa mojawapo, zilizokuja kuitwa za "kizazi kipya", kwa sababu hazikumtegemea shujaa mmoja mkubwa. Salt N' Pepper ni ya kundi hilo. Mhusika mkuu wake wa kiume ni mzee mzee, Kalidasan, aliyechezwa na Lal. Na wa kike ni Maya, aliyechezwa na Shwetha Menon. Wote wawili hawajaoa wala kuolewa. Wameshafika umri ambao majirani huacha kuuliza "lini?" wakaanza kuuliza "kwa nini?"

Kisa chenyewe ni chepesi. Maya anapiga simu hotelini kuagiza dosa, ule mkate mwembamba wa mchele na kunde uliochachushwa. Namba inakosewa, simu inapokelewa na Kalidasan, na wanatukanana vizuri tu. Baadaye hasira inapoa, wanaanza kuzungumza, na wanagundua kwamba wote wawili wanapenda kula. Kalidasan anamsimulia habari za keki ya tabaka kwa tabaka ya Joan, mwanamke Mfaransa aliyekuwa akioka huku akimngoja mumewe aliyekwenda vitani. Basi kila mmoja anaioka keki hiyo jikoni kwake, simu ikiwa sikioni. Lakini siku ya kuonana ikikaribia, wote wanaingiwa na woga. Kalidasan anamtuma mpwa wake Manu, Maya anamtuma Meenakshi, msichana anayekaa naye nyumba moja. Kila kijana anadhani amekutana na mwenyewe hasa, na anarudi nyumbani na taarifa kwamba huyo mtu hafai.

Wapo watakaosema mbinu hii ya kubadilishana watu ni kongwe. Ni kweli, Shakespeare aliitumia mpaka ikachakaa, na Rostand katika Cyrano de Bergerac (1897) alimpa mtu mmoja maneno na mwingine sura. Swali la mhakiki, hata hivyo, ni kama mbinu imeota mizizi katika maisha ya wahusika. Hapa imeota. Tazameni kazi wanazofanya. Maya hutia sauti katika filamu: waigizaji wengine hufungua midomo, maneno yanayotoka ni yake. Kila siku anaazima watu sauti, wao ndio wanaotazamwa. Anapomtuma Meenakshi akae mbele ya mwanamume badala yake, anafanya lile lile analolipwa kulifanya, safari hii kwa kinyume: sauti ni yake, sura ameiazima. Kalidasan naye ni mtaalamu wa mambo ya kale katika idara ya serikali. Kazini kwake kitu kikizeeka ndipo kinapopata thamani. Mwili wake mwenyewe ukizeeka anaona aibu kuuonyesha. Kejeli hiyo haitamkwi na mhusika yeyote; imo katika ujenzi wa wahusika wenyewe.

Hoja yangu ya pili inahusu jikoni. Mapema katika filamu, Kalidasan anakwenda kumwona mchumba, kwa desturi ya huko ambapo msichana huletwa mbele ya wageni na vitafunio vikaandaliwa. Anaonja unniyappam, vitu vitamu vya unga wa mchele vinavyofanana sana na vitumbua vyetu. Anauliza nani kapika. Kumbe ni mpishi wa nyumba ile, Babu (Baburaj). Jamaa anaondoka na mpishi, mchumba anamwacha pale pale! Watu hucheka sana hapo, na wana haki. Lakini tukishacheka tutafakari: katika jamii nyingi, yetu ikiwemo, mwanamke huposwa mikono yake ikiwa imeshapimwa kwenye sufuria. Filamu inakata kamba hiyo mapema. Mpishi amekwishapatikana, tena ni mwanamume. Kwa hiyo Maya anapotokea hatafutwi kwa ajili ya kupika. Anaingia hadithini kama mlaji, mwanamke mwenye njaa yake mwenyewe, anayejua anachotaka na kukiagiza. Mwanamke wa makamo mwenye hamu ya kula na ya kupendwa, wala haadhibiwi kwa hilo: ni mara ngapi tumempata katika riwaya na tamthilia tunazozisoma darasani?

Hata hivyo, kazi hii ina udhaifu, na mhakiki asiyeutaja anakuwa shabiki. Baada ya mabadilishano yale, filamu inawapa vijana nafasi kubwa mno. Manu na Meenakshi wanapendeza, lakini mapenzi yao tumeyaona mara mia, na kila dakika wanayopewa inachukuliwa kutoka kwa wale wawili ambao hatujawazoea. Ni kana kwamba msanii mwenyewe ameingiwa kidogo na woga wa wahusika wake, akahofu kwamba watazamaji hawatavumilia nyuso za makamo kwa saa mbili. Udhaifu mwingine ni mzee wa kabila la msituni ambaye Kalidasan anamchukua na kumweka kwake. Mzee huyu amekaa tu, kimya. Filamu inayotuhimiza tusikilize sauti kabla ya sura imempa mtu huyu sura bila sauti. Hapo sikuridhika kabisa.

Lakini kwa jumla kazi imefaulu. Serikali ya jimbo la Kerala iliipa tuzo ya mwaka 2011 ya filamu yenye mvuto kwa umma na ubora wa kisanaa, na Shwetha Menon akatuzwa kuwa mwigizaji bora wa kike. Mwaka 2014 Prakash Raj aliitengeneza upya kwa Kitamil, Kitelugu na Kikannada. Sizitaji tuzo ili zinitetee hoja, maana tuzo hukosea pia. Ninazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba umma ulikuwa tayari kuwatazama wapenzi wa makamo, pengine kuliko filamu yenyewe ilivyothubutu kuwaonyesha.

Ombi langu kwa wenzangu ni kwamba tusiipime kazi kwa uzito wa machozi yake. Kichekesho hiki kinauliza swali gumu: je, mtu anayependwa kwa sauti yake ana haki ya kuamini kwamba atapendwa pia akionekana? Kalidasan na Maya mwishowe wanaonana ana kwa ana, na filamu inajibu kwamba anayo. Mwenye kuona jibu hilo ni jepesi mno, uwanja ni wake katika toleo lijalo.