Makumbusho ya Ala na Muziki Usio na Ala

Makumbusho ya muziki, kwa desturi, huwa ni nyumba ya ala. Aingiaye hukuta ngoma, zeze, marimba na zumari zimepangwa katika makabati ya kioo, kila ala na kadi yake ya maelezo. Mpango huo una asili yake. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walitoa mfumo wa kuainisha ala za ulimwengu, wakiuegemeza juu ya kazi ya Victor-Charles Mahillon, mtunzaji wa makumbusho ya ala ya Brussels. Waliuliza swali moja: ni kitu gani kitetemekacho hata sauti ikatoka? Wakapata mafungu manne: mwili wa ala yenyewe, ngozi iliyowambwa, uzi uliokazwa, na hewa. Kwa kazi yake mfumo huo ni bora, na hadi leo makumbusho mengi huufuata. Walakini koo la mwanadamu halina fungu humo.

Mahali penye ala nyingi upungufu huo hauonekani upesi. Oldeani huonekana wazi. Mlima huo una jina la Kimaasai, litokanalo na mianzi ya misitu yake. Kandokando yake, kuanzia bonde la ziwa Eyasi hadi nyanda za Ngorongoro, wakaa Wahadzabe, Wairaqw, Wadatoga na Wamaasai, watu ambao lugha zao hazitoki katika shina moja. Lau mtunzaji angetumwa kwa Wamaasai akusanye ala tu, angerudi na mzigo mwepesi: pembe ya tandala ya sherehe za marika, na machache mengine. Atazamaye kabati hilo angedhani muziki wao ni haba. Kumbe utajiri wote umo katika sauti: olaranyani huanzisha wimbo, na kundi humwitikia kwa sauti zipishanazo, nyingine zikivuma kooni kwa kufuata pumzi.

Kwa Wahadzabe jambo lazidi. Ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi, gizani kabisa. Mwanamume huingia akiwa na njuga mguuni na manyoya ya mbuni kichwani, akapiga kishindo, na wanawake wakaimba. Njuga zaweza kuwekwa chini ya taa ya makumbusho. Giza haliwekeki, nalo ndilo sharti la ngoma hiyo.

Hapa Kiswahili kina la kuwafunza watunzaji. Neno "ngoma" lataja chombo, mchezo na mkutano wenyewe. Kwa hiyo yasemwa sawasawa kwamba epeme ni ngoma, ingawa mdundo wake watoka mguuni. Kadi inayoliandika neno hilo juu ya gogo lililowambwa ngozi imetwaa sehemu moja tu ya maana. Kwa upande mwingine, majina mengine hukusanya mno. "Marimba" ni mbao zigongwazo kwa vijiti, na pia ni vyuma vibonyezwavyo kwa vidole gumba, ambavyo Wagogo huviita ilimba. Kadi ya haki itangulize jina la wenyeji, kisha la Kiswahili.

Dawa zimejaribiwa. Hugh Tracey alinasa sauti za Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, kilijenga nyumba za makabila na kuwapa wachezaji uwanja. Njia zote mbili zashinda kabati lililo kimya. Hata hivyo, ngoma ichezwayo mchana mbele ya wageni haiwezi kushika nafasi ya ile ya gizani, na sauti iliyonaswa yahitaji idhini ya wenyewe kabla ya kusikilizishwa watu.

Basi makumbusho yatakayowatendea haki watu wa Oldeani yataanza na sauti, kisha yafuatishe vyombo. Na palipo na jambo ambalo wenyewe hawataki lionyeshwe, yaache kabati tupu na kueleza sababu. Kabati tupu lenye maelezo ya kweli lina elimu zaidi kuliko lililojaa linalomfanya mtazamaji aamini kwamba watu wasio na ala nyingi hawana muziki.