Yasmin na Mlango Uliofungwa

Riwaya ya Vuta n'kuvute, iliyotungwa na Adam Shafi na kutolewa mwaka 1999, yatupeleka Unguja zama za utawala wa Waingereza. Humo twamkuta Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, ambaye umri wake watosha kumzaa. Amtorokapo mumewe, jamaa zake wamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika asiye na mali.

Zingatia jambo hili, msomaji. Watu wa kila rangi huuziana na kununua dukani pasipo haya. Lakini binti huyo akimpenda Denge, kijana Mwafrika mpigania uhuru, ndipo ukoo huona umeaibishwa. Basi mpaka wa rangi walindwa kwa kumfunga mwanamke. Mtunzi ameliona hilo vyema, wala halihubiri. Alionyesha kwa matendo ya watu wake.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Mambo ya Denge na polisi yapambapo moto, Yasmin huachwa nyuma, nasi twatamani kuijua zaidi nia yake mwenyewe.

Usidhani, wewe usomaye hapa Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, kwamba hayo ni ya Unguja tu. Binti akipendana na mtu wa kabila jingine, tazama ni nani alaumiwaye zaidi: yeye, au kaka yake aliyefanya vivyo hivyo? Kisha ujiulize: akibisha hodi usiku, nani atamfungulia?