Gari la Vioo kando ya Danube

Kabla Mwingereza Roger Fenton hajafika kwenye Vita vya Crimea na kamera yake mwaka 1855, mpiga picha Carol Szathmári alikwisha kuonja baruti ya vita hivyo. Alizaliwa Cluj mwaka 1812, akahamia Bucharest, akaishi kwa brashi ya mchoraji kabla kamera haijamteka.

Mwaka 1854 majeshi ya Urusi na ya Osmani yalipokuwa yakipambana kando ya mto Danube, alifunga farasi kwenye gari alilogeuza chumba cha giza, akaelekea vitani. Kazi yenyewe ilikuwa balaa. Kioo kilipakwa kolodioni, majimaji ya kunata, kikachovywa katika dawa ya fedha, kikaingizwa kwenye kamera kingali kibichi, na picha ikasafishwa papo hapo. Dakika chache tu zikipita, kioo kimekauka, kazi imeharibika. Nasi leo tunanung'unika simu ikikawia kufunguka!

Karibu na mji wa Oltenița, Waturuki wa jeshi la Osmani walililenga gari lake kwa mizinga wakidhani ni la jasusi wa Kirusi. Alinusurika. Picha zake alizipiga pande zote mbili, majemadari kwa askari wa kawaida, na ujasiri huo ndio ninaouvulia kofia.

Albamu ya picha hizo ilionyeshwa Paris mwaka 1855 ikapata medali. Malkia Victoria naye alipata nakala. Baadaye Szathmári alikuwa mpiga picha wa ikulu ya Romania, na vita vya uhuru wa nchi hiyo vya 1877 vikamkuta, mzee wa miaka 65, bado na kamera yake.